Sauti ya hedifoni ikiegemea upande mmoja

Kabla ya kuwasha pasi ya risasi (ya kulehemu) ili kufungua amplifaya, yaani kikuza sauti cha hedifoni, vaa hedifoni kinyume. Udhaifu ukibaki sikio lilelile, amplifaya haina kosa, ni sikio lako. Ukihamia sikio la pili, badilisha waya za kuingiza sauti kwenye amplifaya, kushoto kuwe kulia. Ukihama sasa, tatizo ni simu au waya.

Vinginevyo shuku kitasa cha voliumu. Njia zake mbili hazilingani vizuri chini ya robo mzunguko, na unyevu wa chumvi wa pwani ya Mtwara na Lindi huila miguso yake. Zima umeme, puliza dawa ya kusafishia miguso, zungusha mara 20. Usitie mafuta ya kula wala grisi, hunasa vumbi.

Kisha cheza mlio wa 100 Hz uliosawa pande zote, pima volti za AC kila upande. 100 mV kwa 89 mV ni tofauti ya desibeli 1. Tofauti isiyobadilika popote uzungushapo hutoka kwenye rezista za mrejesho, zinazoamua ukuzaji: weka zenye kosa lisilozidi asilimia 1.

Tofauti ikizidi kwenye sauti ndogo tu, punguza ukuzaji. Rezista ya mrejesho ya 10k (ohm elfu 10) juu ya 1k hukuza mara 11. Ya 2k, mara 3, nawe utazungusha voliumu hadi panapolingana.