Kabla ya kwenda kutafuta mawe yang'aayo kwenye migodi ya kale ya San Juan

Milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa Colorado, Marekani, ilianza kutobolewa kwa wingi na wachimba dhahabu na fedha miaka ya 1870. Walichokihitaji walikichukua, na mawe yasiyo na faida wakayamwaga nje, vilima kwa vilima. Wachimbaji wa Geita wangeyaita magwangala. Humo ndimo yalimo mawe yanayowaka rangi chini ya taa ya urujuanimno (ultraviolet), yaani miali ambayo jicho haliioni. Kwa hiyo shika hili kwanza: unachokitafuta kiko nje. Usiingie shimoni hata hatua tatu. Jimbo hilo linakadiriwa kuwa na migodi 23,000 iliyoachwa. Nguzo zake zimeoza, hewa mbaya ya humo mara nyingi haina harufu ya kukuonya, na ubao unaoukanyaga unaweza kuwa umefunika shimo refu la kwenda chini.

Uliza ardhi ni ya nani. Viwanja vingi vya migodi ile bado ni mali ya watu, na bila ruhusa ya mwenyewe huo ni wizi.

Mji wa Silverton uko mita 2,840 hivi, juu kuliko kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, na migodi mingi iko juu zaidi. Lala hapo angalau usiku mmoja kabla ya kupanda. Kagua kifusi asubuhi, maana Julai na Agosti radi hupiga alasiri: fahamu ukingo uko wapi, mawe gani yanaporomoka, utarudia njia ipi. Mwanga wa jua huumeza mng'ao, ndiyo maana kazi yenyewe ni ya usiku, na giza halimfai mtu asiyeijua sehemu.

Taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, nanomita 254, huwasha aina nyingi za mawe, na ndiyo inayounguza macho. Hutasikia kitu pale pale. Saa kadhaa baadaye, umeshalala, macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Vaa miwani inayozuia miali hiyo, glavu na mikono mirefu, wala usimmulike mwenzako usoni. Taa ya kawaida ya kichwani na betri za akiba ni lazima.

Sasa inama. Kalsaiti ambayo mchana ni jiwe jeupe lililopakwa kutu, ukiimulika, madini kidogo ya manganizi yaliyomo huifanya iwe nyekundu kama kaa linalopulizwa. Zima taa, wekundu unatoweka. Napenda sana dakika hiyo. Ila chunguza kabla ya kutia mfukoni: kipande cha karatasi au uzi wa nguo navyo hung'aa buluu.

Funga kila jiwe kwenye gazeti na uandike lilikotoka hapo hapo, si nyumbani. Kisha nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa vumbi la vifusi hivyo lina madini ya risasi.