Kuonja mvinyo mwekundu wa bei nafuu na kuupa alama

Kwa joto la mchana la Mwanza, mvinyo ukikaa mezani tu pombe hupanda puani na kufunika harufu nyingine zote. Weka chupa kwenye friji saa moja au zaidi, ishuke hadi nyuzi 16–18, ndipo uonje.

Chupa tatu au nne zinatosha, moja iwe ya Dodoma. Zifunge kwa gazeti na uzipe namba. Bei ikijulikana, ulimi hudanganyika. Mimina mililita 50, zungusha glasi, nusa. Harufu ya boksi lililoloa ni kosa la kizibo. Ya siki, hewa imeingia. Hizo ziondoe tu.

Sasa piga funda, lizungushe mdomoni sekunde kumi, tema. Ukakasi kwenye fizi, kama wa ndizi mbichi, ndiyo tanini: kidogo ni sifa, ukikausha ulimi punguza alama. Hesabu pia ladha inadumu sekunde ngapi.

Jumla 20: rangi 2, harufu 6, ladha 8, kudumu 4. Katikati kunywa maji, tafuna mkate mkavu. Sangara wa kukaanga asubiri kwanza: samaki na mvinyo mwekundu mara nyingi huacha ladha ya chuma, na chupa isiyo na kosa itakatwa alama bure.