Ukienda Pangani, uliza maji kwanza

Wengi wakipanga safari ya Pangani, mji wa pwani ya Tanzania, huanza kutafuta chumba. Chumba kitapatikana, tazama mwezi angani kwanza, ndio unaopanga maji kujaa na kupwa. Kisiwa cha Maziwe, kinachowavuta wageni wengi, siku hizi ni fungu la mchanga tu. Maji yakijaa linazama lote, na ukifika saa hizo utabaki kukaa botini ukitazama bahari. Zamani palikuwa na mivinje. Miti ilipoisha, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchanga ukakosa wa kuushika.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana, nayo hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku ya pili tarajia saa tano kasoro dakika kumi hivi. Mwambie nahodha akufikishe saa moja na nusu kabla hayajapwa kabisa. Siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, kupwa huangukia alasiri na fungu huwa dogo. Hizo ziachie safari ya Mto Pangani. Juni hadi Agosti kusi huvuma na kuchafua bahari, na wakati wa masika mto humwaga tope. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ndiyo saa ya kuona matumbawe.

Kivuli hakuna hata cha kusingizia. Beba maji lita 3 kwa kila mtu, kofia, na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo: unaelea kifudifudi, kwa hiyo mgongo ndio unaoungua, nawe hutahisi hadi usiku. Miwani ya kuzamia ijaribu ukiwa nchi kavu. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mkono. Ikidondoka, itavujisha. Mwenye sharubu nene atavujishiwa hata na nzuri. Matumbawe usiyakanyage.

Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu 1975 na ina kiingilio. Kabla ya kulipia boti uliza kama kimo ndani ya bei, kisha dai stakabadhi. Wengi hugombana hapo.

Ukirudi, vaa nguo za stara ndipo uingie mjini. Tazama Boma, jengo la 1810. Pangani ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi yao, Desemba 1889, na ni Kikogwe, jirani tu, mkonge ulikopandwa mara ya kwanza nchini mwaka 1893.

Mto una mamba, usiogelee. Kwa boti, panda na maji yanayojaa, shuka na yanayopwa: injini haihangaiki, mafuta yanabaki, na hapo una hoja ya kuombea bei ipungue.