Mtoto ameambiwa ana kansa ya jicho, waanzia wapi?

Pole sana mzazi mwenzangu. Kwanza muulize daktari akuandikie jina la ugonjwa kwenye karatasi, mara nyingi kwa watoto chini ya miaka 5 ni retinoblastoma, maana ukiingia Google na neno "kansa ya jicho" tu utaletewa ya watu wazima utishike bure. Nunua daftari, hata lile la shilingi ishirini, uandike maswali: ni jicho moja au yote mawili? imefika kundi gani, A (ndogo) mpaka E (kubwa zaidi)? imetoka nje ya jicho? Akijibu kizungu kingi mwambie arudie kwa Kiswahili, usione haya.

Wengi wetu hapa Pwani huanzia Coast General ya Mombasa, ile wazee bado waiita Makadara, halafu unaweza kupewa rufaa ya hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ama hospitali ya macho Kikuyu, kwa hivyo SHA, ile bima ya afya ya serikali, iwe sawa mapema na mtoto awe ameandikishwa chini yako, na nakala za ripoti zote uziweke kwa simu.

Ndugu zake wadogo nao wapimwe, kuna aina ya kansa hii ya kurithi, itokayo kwenye jeni iitwayo RB1.

Wakisema jicho litolewe usikimbie na mtoto. Najua, mimi nililia pale benchi mpaka buibui likarowa, shangazi yuasema twende kwa mganga. Omba uunganishwe na mzazi ambaye mtoto wake ashawekwa jicho la bandia, mtoto mwenyewe ukimuona akicheza mpira ndio utaamini.