Namna ya Kubadilisha Oili ya Giaboksi ya MGB na Magari ya Ukoo Wake

Kabla hujagusa kizibo cha kumwagia oili, hakikisha kwamba njia ya kujazia inafunguka. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulipuuza nilipokuwa nikihudumia Triumph Spitfire, gari ambalo hujazwa oili kupitia kizibo kilicho ubavuni mwa giaboksi: oili yote ilikuwa imeshatiririka kwenye beseni ndipo nilipogundua kwamba kizibo cha juu kimeshika kutu na pembe zake zimelika, spana ikawa inateleza tu. Gari lilikaa juu ya stendi siku mbili, halina oili wala njia ya kutiliwa, mpaka kizibo kile kilipokubali kwa dawa ya kutu, joto na mkono mrefu wa soketi. Laiti ningejaribu kizibo cha juu kwanza, ningekuwa bado na oili ya zamani ndani na gari linalotembea.

Mwongozo huu unaifuata hasa MGB, gari la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, kwa kuwa ndilo gari la aina hii ambalo wengi huanza nalo, lakini nitataja pia pale ambapo Triumph au MG Midget hutofautiana nayo. Tofauti hizo si ndogo, na kubwa kuliko zote ni ya oili yenyewe.

Watu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba giaboksi ya MGB hutiwa oili ya injini ya 20W/50, si oili ya gia. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyoelekeza. Mshangao huo huzidishwa na namba zilizoandikwa kwenye kopo, kwani mtu akiona 90 kwenye oili ya gia na 50 kwenye oili ya injini hudhani kwamba ya kwanza ni nzito karibu maradufu, ilhali namba hizo zimetoka katika mizani miwili tofauti. Oili ya gia ya namba 90 na oili ya injini ya namba 50 zikiwa za moto huwa na uzito unaokaribiana sana. Kinachozitenganisha ni viungio vyake, yaani kemikali zinazochanganywa humo. Oili ya gia huwekewa viungio vya salfa na fosforasi ambavyo hulinda meno ya gia yanapobanana kwa nguvu, na oili ya daraja la GL-5 ina viungio hivyo kwa wingi, karibu mara mbili ya ile ya GL-4. Huko kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ambako meno husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa, viungio hivyo ni vya lazima. Ndani ya giaboksi ya zamani ni habari nyingine, kwa sababu pete za sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha kasi za gia kabla hazijaingia) na baadhi ya bushi na washa (pete bapa) zake zimetengenezwa kwa aloi za shaba, nayo salfa iliyo hai hushambulia shaba, hasa oili inapokuwa ya moto.

Kuna sababu ya pili ambayo haizungumzwi sana. Sinkronaiza hufanya kazi kwa msuguano: pete hubana koni ya gia na kuipunguza au kuiongeza kasi mpaka zizunguke pamoja, ndipo gia huingia bila kelele. Oili inayoteleza kupita kiasi huifanya pete ipitilize badala ya kushika, na dereva husikia mkwaruzo ambao huenda akaulaumu ubovu wa pete, kumbe kosa ni la kopo. Kwa hiyo usitie GL-5 kwenye giaboksi ya gari lolote la ukoo huu kwa kuwa tu muuzaji amekuambia kwamba namba kubwa ni bora zaidi. Triumph Spitfire na TR6 hutumia oili ya gia ya EP90, yaani ya namba 90 yenye viungio vya kuhimili mbano, na hapo chagua ya daraja la GL-4. Midget zenye injini ya familia ya A, yaani injini ndogo za kampuni ya BMC, hutumia oili ya injini kama MGB, lakini Midget 1500 iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1974 ina giaboksi nyingine kabisa inayohitaji oili ya gia ya EP80. Iwapo gari lako limewahi kubadilishiwa giaboksi na mmiliki aliyetangulia, jambo ambalo si la ajabu hata kidogo, soma namba zilizo kwenye mwili wa giaboksi badala ya kutegemea mwaka wa gari.

Kiasi cha oili nacho kina mtego wake. Giaboksi ya MGB yenye sinkronaiza katika gia zote nne, iliyoanza kufungwa mwishoni mwa mwaka 1967, huchukua painti 5.25, yaani takriban lita 3, na ikiwa na ovadraivu (gia ya ziada iliyofungwa nyuma ya giaboksi ili kupunguza mizunguko ya injini) huchukua painti 6, takriban lita 3.4. Hizo ni painti za Kiingereza, za mililita 568 kila moja. Painti ya Marekani ni mililita 473, na kwa kuwa sehemu kubwa ya magari haya iliuzwa huko, vitabu vya mafundi vya pande zote mbili vimeenea. Anayesoma 6 katika kitabu cha Kiingereza akapimia kwa jagi la Kimarekani atapungukiwa na zaidi ya nusu lita. Nunua lita nne, pima kwa lita, na usahau painti.

Endesha gari nusu saa kwanza ili oili ipate moto, kwa maana oili baridi huacha uchafu chini, lakini kumbuka kwamba baada ya safari hiyo ekzosi itakuwa ya moto kiasi cha kuunguza mkono, nayo hupita karibu na mahali utakapofanyia kazi. Liinue gari kwa jeki na kulisimamisha juu ya stendi nne zenye kimo kimoja, kwenye sakafu ngumu na iliyo sawa. Usiliinue upande wa mbele peke yake, kwa kuwa oili haitatoka yote, na kipimo utakachosoma baadaye kitakuwa cha uongo. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja.

Katika MGB nyingi njia ya kujazia ni ile ile ya kijiti cha kupimia, na kijiti chenyewe hakipo chini ya gari. Kimo ndani: inua zulia linalofunika handaki la giaboksi katikati ya sakafu, tafuta kizibo cha mpira, king'oe, nawe utakiona kijiti. Wapo waliomiliki MGB kwa miaka bila kujua kwamba kipo. MGB za miaka ya mwisho hazina kijiti. Hizo, kama Triumph, zina kizibo cha ubavuni ambacho hutumika kwa kujazia na kwa kupimia pia.

Kama gari lina ovadraivu ya kampuni ya Laycock, jua kwamba inachangia oili moja na giaboksi na kwamba ina pampu na shinikizo lake. Kabla ya kufungua chochote kwenye ovadraivu, weka gia ya nne injini ikiwa imezimwa, washa swichi ya moto (ya ufunguo), kisha washa na kuzima swichi ya ovadraivu mara kumi hivi ili shinikizo lililobaki liishe. Katika aina ya LH, iliyofungwa kwenye giaboksi za sinkronaiza nne, chujio limefichwa nyuma ya bamba lililo chini ya ovadraivu, pamoja na sumaku. Lifungue, lioshe kwa petroli safi, likaushe, na utie gasketi mpya. Kubadilisha oili na kuliacha chujio chafu ni kuifanya kazi nusu.

Sasa fungua kizibo cha chini. Tumia soketi ya inchi inayokaa sawasawa, kwani soketi ya milimita inayokaribiana nayo ndiyo inayokula pembe za vizibo vya magari haya. Oili itatoka kwa kasi na kwa mshazari kidogo, basi beseni liwe pana. Iache idondoke kwa dakika ishirini, na wakati huo chovya kidole katika kilichotoka na ukisugue kwenye tambara jeupe mahali penye mwanga. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vumbi linalometameta kama dhahabu ni shaba ya pete za sinkronaiza au ya washa. Likiwa kidogo liweke akilini, likiwa jingi kiasi cha kuipa oili rangi yake, giaboksi inaelekea kufunguliwa. Kipande cha chuma kinachosikika kati ya vidole ni jino au beringi, na hapo usijaze oili mpya kwa matumaini. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji.

Usimwage kilichotoka kabla hujakipima. Ikiwa zimetoka lita mbili mahali palipostahili kuwa na tatu, tatizo la gari si uzee wa oili bali uvujaji, na mara nyingi unatokea kwenye sili ya nyuma, pale shafti ya propela inapoingia. Kisha itie katika chombo chenye kifuniko na uipeleke panapokusanywa oili chafu.

Rudisha kizibo cha chini baada ya kusafisha uzi wake. Kama kina washa ya shaba, weka mpya. Kama uzi wake unapungua unene kuelekea ncha, kama ulivyo wa Triumph, hakihitaji washa, na ndicho cha kuogopwa zaidi, kwa kuwa kila unapokikaza hupanua tundu kama kabari na kinaweza kuupasua mwili wa giaboksi. Kikaze mpaka kishike, basi.

Kujaza kwa tundu la kijiti huhitaji subira. Funika viti na zulia kwa plastiki, chomeka mpira mwembamba wenye faneli, na mimina polepole, maana hewa nayo inatoka kwa tundu lilo hilo na ukiharakisha oili itakurudia. Tia kiasi kinachopungua kidogo, subiri, pima, ongeza mpaka alama ya juu. Usiipite. Oili iliyozidi hutafuta njia ya mbele kando ya shafti, ikafikia klachi. Kwa kizibo cha ubavuni, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu, kisha acha ziada itoke yenyewe kabla ya kufunga.

Lishushe gari, liendeshe kilomita chache huku ukiiwasha ovadraivu mara kadhaa ili ijae, kisha pima tena. Kwa kawaida itahitaji kuongezwa. Gia ikiingia kwa ugumu asubuhi na kulainika baadaye, hiyo ni tabia ya 20W/50 ikiwa baridi. Na kama MGB yako ni ya kabla ya mwishoni mwa 1967, gia ya kwanza haina sinkronaiza kabisa, hivyo mkwaruzo wa kuiingiza gari likiwa linatembea hautaondolewa na oili yoyote.

Katika wiki ya kwanza tandika karatasi nyeupe chini ya gari usiku. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye pini, na tone linaloning'inia hapo laweza kuwa limetoka kwenye injini au kwenye giaboksi. Kwa kuwa katika MGB zote mbili zinatumia oili ya aina moja, harufu haisaidii. Lakini sasa oili ya giaboksi ni mpya na ina rangi ya asali, na ile ya injini imekwisha kuwa nyeusi. Rangi ya doa kwenye karatasi itakuonyesha ni sili ipi ya kubadilisha, na nafasi ya kuisoma hudumu tu kabla oili hizo mbili hazijafanana.