Namna ya kutumia neno mgao na jamaa zake

Anayeandika muhtasari wa kikao cha chama, habari ya bajeti au tangazo la shule hafiki mbali kabla hajahitaji neno la kutaja kitu kinachotoka mahali pamoja na kuwafikia wengi. Mbele yake yapo mgao, mgawanyo, ugawaji, ugavi, gawio na fungu, na yote isipokuwa hilo la mwisho yamezaliwa na kitenzi gawa. Kwa kuwa yanafanana sura, ni rahisi kuyabadilishana ovyo. Msomaji makini, hata hivyo, huona tofauti, na mara nyingine tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anadai nini.

Anza na kitenzi, kwa sababu makosa mengi ya nomino chanzo chake kiko hapo. Gawa ni kutoa kitu ili kila mtu apate sehemu yake, ilhali gawanya ni kukitenga kitu kizima katika sehemu, hata kama hakuna anayepewa. Ndiyo maana mwalimu wa hesabu hugawanya 12 kwa 3 wala hagawi, na mcheza karata hugawa karata wala hazigawanyi. Katika kauli ya kutendwa, shina la gawa limekwisha kwa sauti w, kwa hiyo haliwezi kupokea w nyingine bila irabu katikati, na umbo linalopatikana ni gawiwa: "Wanafunzi waligawiwa vitabu." Ukiandika kwamba "wanafunzi waligawanywa vitabu", sentensi haisimami, kwa maana kinachogawanywa ni wanafunzi wenyewe, nao hugawanywa katika makundi. Gawana nalo hulitumii mpaka wahusika wawe ndio wenye mali na ndio wapokeaji kwa wakati mmoja, kama warithi wanaogawana shamba au timu mbili zilizotoka sare na kugawana pointi. Jambo moja dogo la tahadhari: usiliache gawa bila kutaja kinachogawiwa, hasa ukimzungumzia mwanamke, kwa sababu katika lugha ya mtaani "anagawa" ina maana ambayo hutataka kuieleza mbele ya kikao.

Sasa nomino yenyewe. Mgao ni sehemu ambayo mtu au kundi limepangiwa kutoka katika kitu chenye kikomo, na mara nyingi anayepanga si yule anayepokea. Nchini Tanzania wazo hilo la kikomo limekuwa zito kiasi kwamba neno likisimama peke yake humaanisha uhaba. Mtu akisema "leo kwetu kuna mgao", hakuna anayedhani kwamba kuna kitu kinatolewa. Kila mmoja anaelewa kwamba umeme au maji yatakatwa kwa zamu. Mwishoni mwa 2022, kina cha maji ya Mto Ruvu kiliposhuka kwa ukame, wakazi wa Dar es Salaam walipangiwa mgao wa maji kwa ratiba ya maeneo. Kwa hiyo, ukiwaandikia wasomaji wa Tanzania juu ya fedha, usiliache neno peke yake katika kichwa cha habari. Andika "mgao wa fedha za maendeleo" au taja mpokeaji.

Kenya hali ni nyingine, kwa sababu huko neno limekaa zaidi upande wa siasa za fedha. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 203, inataka serikali za kaunti zipate kila mwaka angalau asilimia 15 ya mapato yote yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, na kile ambacho kila moja ya kaunti 47 inapata ndicho magazeti huita mgao wa kaunti. Mchakato mzima wa kuamua nani apate kiasi gani huitwa huko ugavi wa mapato. Hapo ndipo mwandishi anayevuka mpaka hujikwaa, kwa kuwa Tanzania neno ugavi limechukua kazi ya kufikisha bidhaa na vifaa vinakohitajika, na maofisa wake ni wa ununuzi na ugavi, watu wa bohari na zabuni. Mtanzania akisoma "ugavi wa mapato" anaweza kufikiri ni usambazaji wa pesa taslimu. Ukiwaandikia wote pamoja, "mgawanyo wa mapato" ndiyo njia salama.

Mgawanyo ni namna kitu kizima kilivyotengwa: mgawanyo wa madaraka, mgawanyo wa kazi, mgawanyo wa rasilimali. Usiuchanganye na mgawanyiko, unaotokana na gawanyika, yaani hali ya kupasuka au kufarakana. "Mgawanyiko wa rasilimali" husikika sana mikutanoni, nami naliona kosa hilo kuwa ndilo baya kuliko yote katika ukoo huu, kwa sababu linageuza mpango kuwa ugomvi. Ugawaji ni kitendo chenyewe: ugawaji wa chandarua ulianza asubuhi, lakini mgao wa kila kaya ulikuwa vyandarua viwili.

Gawio ni faida inayolipwa kwa mwenye hisa, nalo limeshika mizizi Tanzania kuliko Kenya, ambako husemwa pia mgao wa faida. Tuseme kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kina hisa 400, na siku ya kuvunja kikoba faida ni shilingi 1,200,000. Kila hisa inapata shilingi 3,000, na mwanachama mwenye hisa 25 anapata gawio la shilingi 75,000. Katika muhtasari andika: "Faida iligawanywa kwa idadi ya hisa, na wanachama waligawiwa gawio kulingana na hisa zao." Vitenzi vyote viwili vina nafasi hapo, kila kimoja na kazi yake.

Fungu si la ukoo wa gawa, lakini huwezi kulikwepa. Sokoni ni nyanya zilizopangwa pamoja kwa bei moja. Katika bajeti ya Tanzania ni namba ya taasisi inayoidhinishiwa fedha, kama Fungu 52 la Wizara ya Afya. Katika mirathi ya Kiislamu ni haki iliyokwisha kuwekwa, kama thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ya mjane ambaye marehemu ameacha watoto. Katika mirathi hiyo ningeandika "fungu la mjane" badala ya "mgao wa mjane", kwa kuwa msimamizi hana hiari ya kulipunguza, na neno mgao lingemfanya aonekane ndiye anayekadiria.

Kilichobaki ni kihusishi. "Mgao wa kaunti" unaweza kuwa kile ambacho kaunti imepewa au kile ambacho kaunti inawapa wadi zake. Muktadha usipoondoa shaka, andika "mgao kwa kaunti" kwa maana ya kwanza, na kwa ya pili "mgao unaotolewa na kaunti kwa wadi", hata kama sentensi itarefuka.