Kumwagilia kutoka Nyando bila kuukausha mto

Januari na Februari vijito vinavyoingia Mto Nyando, magharibi mwa Kenya, hupungua hadi mtoto anavuka bila kulowesha magoti. Wakati huohuo nyanya na sukuma wiki zinalia maji, na mashine za kuvuta maji zinashushwa ukingoni, mara nyingi zote saa mbili asubuhi. Kabla ya kuwasha yako, pima mto. Ni kazi ya nusu saa.

Tafuta mahali paliponyooka pa mita 10, pasipo na mawe makubwa wala magugu. Pima upana, kisha shusha kijiti chenye alama za sentimita sehemu tano kutoka ukingo hadi ukingo, upate wastani wa kina. Achilia chungwa juu ya maji na uhesabu sekunde linazochukua kumaliza zile mita 10. Chungwa linafaa kuliko chupa tupu kwa sababu sehemu kubwa yake huzama, upepo haulisukumi. Rudia mara tatu.

Tuseme upana ni mita 3, kina sentimita 20, chungwa limetumia sekunde 50. Mwendo ni mita 0.2 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8, maana maji ya juu huenda mbio kuliko ya chini. Ukizidisha jibu hilo kwa upana na kina unapata lita 96 kwa sekunde.

Sasa pima mashine. Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye boksi. Jaza pipa la lita 200. Mashine ya inchi 2 yenye afya hulijaza kwa sekunde 25 hivi, yaani lita 8 kwa sekunde. Mashine 12 zikinguruma pamoja huchukua lita 96. Kijito chote kimekwisha, na samaki waliobaki kwenye vidimbwi wanakufa kwa kukosa hewa hata kabla ya jua la saa saba.

Hakuna haja ya kufika huko. Ekari moja ya mboga kwenye joto la tambarare za Kano hutumia milimita 5 hivi kwa siku, sawa na lita 20,000. Kwa mifereji karibu nusu hupotea njiani, kwa hiyo vuta 40,000. Mashine ya lita 8 humaliza kazi hiyo kwa dakika 83. Gaweni zamu tatu za mashine nne, saa moja na nusu kila zamu, kuanzia alfajiri. Ekari zote 12, moja kwa kila mashine, zinanyweshwa kwa saa nne na nusu, na mto haupungukiwi zaidi ya theluthi moja wakati wowote. Anayeacha mashine ikivuta saa nne mfululizo hainyweshi nyanya zaidi; anasukuma mbolea yake chini ya mizizi.

Simikeni kigingi mtoni chenye mstari wa rangi, mkikubaliana kwamba maji yakishuka chini yake mashine zote zinazimwa. Sheria ya Maji ya 2016 inataka maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto yabaki kwanza. Kuvuta maji kwa mashine kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na chama cha watumiaji wa maji cha eneo lenu ndicho mahali pa kupangia zamu.

Mdomo wa mpira wa kuvutia maji ndio unaoua samaki wengi bila mtu kuona. Mpira wa inchi 2 ukiwa wazi hufyonza kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, na hakuna kifaranga wa samaki anayeweza kushindana na nguvu hiyo. Tengeneza tundu (kizimba) la nondo nyembamba, kipenyo sentimita 30 na urefu sentimita 50, ulizungushie waya wa matundu ya milimita 3, ncha zote mbili zifungwe. Mdomo wa mpira ukae katikati. Maji sasa huingia kwa sentimita 2 hivi kwa sekunde, na kifaranga hujiondokea. Lining'inize chini ya jerikeni tupu, penye kina kirefu, likae sentimita 30 chini ya uso wa maji ili mashine isivute hewa, na juu ya sakafu ya mto ili isivute tope. Nyando hubeba udongo mwingi sana. Lisugue kwa brashi kila siku, kwani waya ukiziba nusu, mwendo wa maji huongezeka maradufu.

Mnaoziba mto kwa magunia ya mchanga ili kuinua maji, acheni mwanya wa mita moja penye kina kirefu zaidi, na muyaondoe yote kabla ya mvua za Machi. Samaki aitwaye ningu hupanda kutoka Ziwa Victoria mara mto unapojaa, kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Ukuta wa magunia uliosahaulika wiki mbili tu unamharibia msimu mzima, na ningu hawakubaki wengi wa kupoteza hivyo.

Kwa mpunga wa Ahero, akiba kubwa iko ndani ya jaruba lenyewe. Chukua bomba la plastiki lenye urefu wa sentimita 30, litoboe matundu upande wote, ulididimize nusu yake na utoe udongo wa ndani, ili uone maji yalipofika. Wiki mbili baada ya kupandikiza, acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya udongo, ndipo ujaze tena hadi sentimita 5. Wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baadaye, jaruba lisikauke. Udongo mweusi wa huku ukiachwa hadi upasuke, maji ya kujaza tena hupotelea kwenye nyufa na faida yote imekwenda. Ukipulizia dawa, ziba toleo la maji angalau wiki moja.

Mwisho, ukingo. Usilime ndani ya mita 6 kutoka mtoni. Mto mpana zaidi hudai nafasi sawa na upana wake, hadi mita 30. Matete na mikuyu iliyopo iacheni.